Machujio ya Kuonyesha Wageni

Mtambo wa Maji, 3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Barua hii imelala juu ya chupa zako ndani ya kasha la barafu, kwa hiyo kama imelowa, usidhani nimeilia. Simu usinipigie. Miaka thelathini ya pampu imeniharibu masikio, na ukiongea nasikia nyuki tu. Tuandikiane hivi hivi, kila kasha na barua yake.

Chupa ni sita kama ulivyoagiza. Ya kwanza ni maji ya mto. Ya pili yametoka kwenye ozoni, ya tatu yamepita machujio ya makaa, ya nne ni ya tangi la maji safi, baada ya klorini. Ya tano nimekinga bomba la sokoni, na ya sita la hospitali, kule mwisho kabisa wa mstari.

Jumatatu tuliiwasha ozoni yako. Fundi wa kampuni alibonyeza kitufe, mashine ikanguruma kama jokofu kuukuu, na chumba kikanuka ile harufu ya baada ya radi. Baada ya saa mbili nikachota glasi kutoka tangi la maji safi. Unayajua maji yetu: mto unapita kwenye bwawa la majani yaliyooza, na tangu tuzaliwe tumekunywa kitu chenye rangi ya chai iliyochoka. Siku hiyo niliiweka glasi juu ya gazeti nikasoma matangazo ya vifo bila miwani. Mpishi wa kantini alidhani nimeacha glasi tupu, akanijazia juisi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha, nikuambie ukweli, nikalia kidogo, maana Baba aliosha machujio haya miaka yote ile na hakuwahi kuyaona maji ya namna hii.

Jambo moja tu linanikera. Makaa yameanza kuwa na utelezi, ule wa ndani ya chombo cha maua kisichobadilishwa maji. Baba angetufukuza kazi wote.

Mama ndiye wa kuombewa. Daktari amesema mwili wake wenyewe unazishambulia figo zake, kwa hiyo wanampa dawa za kuutuliza. Ubaya wa dawa hizo ni kwamba ugonjwa wowote ukipita njiani, kwake hauna wa kuuzuia. Huenda wakamlaza. Maji yako ameyatazama akasema mazuri mno, hayaaminiki, na bado anachemsha.

Kaka yako,
Bwana Chujio (ndivyo wanavyoniita sasa, na sikatai)


Maabara, 11 Machi

Shikamoo kaka,

Nimesoma barua yako mbele ya wenzangu wote, na wameninyima amani. Wananiita Bi Ozoni. Profesa amesema mji wetu utawekwa kwenye kitabu chake. Mji wetu, kaka! Ule ambao ukiutaja watu huuliza uko upande gani.

Uliniuliza siku ile kwenye simu, kabla hatujaachana na simu, kwamba ile rangi inakwenda wapi. Sikukujibu vizuri. Ozoni haiiondoi, inaikatakata. Yale mabaki ya majani na mizizi ni mapande makubwa, na mapande makubwa ndiyo yenye rangi, ndiyo yanayopigana na klorini na kutoa sumu ndogo ndogo ambazo mtu hunywa miaka ishirini kabla hajajua. Ozoni inayavunja yanakuwa vipande vidogo visivyoonekana, kisha makaa yanamalizia. Chupa zako za kwanza ni nzuri. Rangi imeshuka mpaka mashine yetu inaandika sifuri.

Kuhusu utelezi, ni kitu cha kawaida, usikuumize kichwa.

Mwambie Mama aache kuchemsha. Nasema kweli. Anaungua mikono kila siku na sufuria ile kwa ajili ya maji ambayo sasa ni safi kuliko ya chupa za dukani. Mwambie ni amri ya binti yake, na kama hakusomesha binti ili amtii, basi alimsomesha wa nini?

Mdogo wako


Mtambo wa Maji, 22 Machi

Mdogo wangu,

Mama amelazwa tangu Alhamisi. Usishtuke na usifungashe begi, ni kwa ajili ya dawa tu, wanataka kumwona kila siku. Amepewa kitanda cha dirishani katika wodi ya wanawake na tayari anajua habari za kila mgonjwa na mume wake.

Amri yako nimeifikisha. Alinitazama, akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Nikamwambia msala huu haupiti, umefungwa kwa boliti, na umeletwa na mwanao. Basi akakubali. Birika ameniambia nilirudishe nyumbani. Sasa anakunywa ya bomba la wodini, na nimeona anajivuna.

Huku kazini kumepamba moto. Ijumaa ya tarehe tisa Aprili wanakuja wageni: bodi nzima, na wakuu wa maji wa miji mitano mingine, wanataka kujenga mtambo kama wetu. Meneja amebomoa ukuta wa chujio la kwanza akaweka kioo, ili wageni waone makaa kwa macho yao. Kazi nzuri, ila kioo hicho kinaonyesha na utelezi. Uliniambia nisijali, na sikujali kwa siku tatu. Siku ya nne nikashindwa. Nimerudia kanuni ya Baba: tunaosha kila asubuhi, na Jumamosi tunaosha kwa dawa maradufu. Sasa makaa yanang'aa kama viatu vya harusi. Meneja alinishika mkono mbele ya vijana wote, akasema mtambo una bahati kuwa na mtu kama mimi.

Chupa zimo. Ya sita imenichelewesha kwa sababu nilikaa na Mama.

Kaka yako


Maabara, 1 Aprili

Kaka,

Leo sina salamu ndefu, nisamehe. Acha kuosha machujio. Acha leo, mara tu ukimaliza kusoma.

Nimekaa na chupa zako siku tatu nikidhani nimekosea mimi. Maji yanayoingia kwenye makaa na yanayotoka yana kiasi kile kile cha vile vipande vidogo. Makaa hayali chochote. Nikarudia kipimo, nikarudia tena, kisha nikasoma barua yako kwa mara ya pili nikaona "kanuni ya Baba", na moyo ukanilipuka. Kaka, mnaosha kwa maji ya tangi la maji safi. Maji yenye klorini. Ile valvu ya kijani nyuma ya chujio la tatu, ambayo Baba alikuwa ananiinua ili niizungushe. Naijua valvu ile kuliko ninavyojijua, na sikuiandika popote. Hapa chuoni wanaosha kwa maji yasiyotiwa dawa, nikaandika maelekezo yangu kama mtu aliyezaliwa hapa.

Ule utelezi ulikuwa hai. Ni wadudu wadogo wasio na madhara, na ndio wafanyakazi wenyewe. Ozoni inakata chakula, wao wanakila. Wasipokuwepo, chakula kinapita, kinaingia kwenye mabomba, na huko kuna wadudu wengine wa kukipokea, wasio wema, ambao mgonjwa akipaliwa na maji hushuka mapafuni. Klorini yenu inawatisha hapo karibu na mtambo, lakini ikifika mwisho wa mstari imekwisha. Chupa ya sita sijamaliza kuihesabu ila nilichokwisha kuona hakinipendezi. Hospitali, kaka.

Kwa hiyo mambo mawili. Kwanza, osheni kwa maji ya kabla ya klorini, na mara chache. Utelezi ukirudi, ushangilie. Utachukua wiki kadhaa. Pili, Mama arudi kuchemsha, leo hii, na wodi nzima iambiwe hivyo hivyo. Mwambie binti yake alisema upesi kuliko alivyojua. Nitamwomba radhi mwenyewe.

Mdogo wako


Mtambo wa Maji, 10 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako ilifika Jumanne. Nimekusikia. Valvu ya kijani nimeifunga, nimeitia kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Tunaosha kwa maji yasiyo na dawa. Lala usingizi.

Wageni walikuja na mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Mwenyekiti wa bodi alisimama mbele ya kioo muda mrefu, akauliza makaa haya yanapakwa rangi gani. Mkuu wa mji mmojawapo aliandika kila nilichosema, hata nilipokohoa nadhani aliandika. Meneja alinipa nafasi ya kuzungumza, nikawaambia kazi hii ni ya familia, baba alianza, mtoto wa kiume akashika ufagio na wa kike akashika kalamu. Walipiga makofi. Laiti ungekuwepo. Chakula kilikuwa kingi na vijana walibeba kilichobaki.

Mama anaendelea. Ana kikohozi kidogo, wanasema ni upepo wa dirishani. Amekuandikia, nimeikuta imefungwa na gundi, na unajua mimi sifungui ya mtu.

Kaka yako


(Imo ndani ya hiyo)

Wodini, 10 Aprili

Mwanangu,

Mkono unatetemeka, usicheke mwandiko. Sijambo. Nakohoa, lakini kukohoa ni kazi ya wazee, tufanye nini kingine?

Nimekutii kama ulivyoamuru. Birika lilikwisha kwenda nyumbani na sijalitamani. Asubuhi nakunywa glasi mbili za bomba, jioni mbili, na muuguzi ananitania kwamba nitaota magamba. Nawaambia wote humu kuwa maji haya ni ya mwanangu. Jirani yangu wa kitanda cha pili ni fundi cherehani, ana woga kama mimi nilivyokuwa, alikuwa analetewa ya kuchemsha kwenye chupa. Jana nimemwambia amwage. Nikamwambia mwanangu hawezi kunidanganya. Akamwaga.

Kaka yako amekonda. Anakuja, anakaa, anataka kusema kitu, kisha anaiangalia glasi yangu na kuaga. Nadhani ni hao wageni wanamchosha. Mwandikie neno zuri.

Mama yako


Maabara, 16 Aprili

Kaka,

Nimesoma ya Mama kabla ya yako.

Hukumwambia. Tarehe kumi bado anakunywa, na anawanywesha wengine. Barua yangu ilikufikia tarehe sita.

Nimepiga simu wodini, muuguzi amesema Mama yuko kwenye oksijeni tangu jana, mapafu yote mawili. Fundi cherehani naye ana homa. Nimempa muuguzi maagizo ya maji na ameandika. Nimempigia Meneja, akasema maji yanang'aa na kila mtu ameona.

Begi liko miguuni. Basi ni kesho alfajiri, na kasha hili linaondoka sasa, huenda likanitangulia. Chupa ya sita nimemaliza kuihesabu. Sitaki kuandika idadi yake hapa.

Mchemshie Mama maji. Tafadhali, kaka.


Nyumbani, 3 Mei

Mdogo wangu,

Ulikaa hapa siku tisa. Tulimzika Mama, tukapokea watu, tukaosha vyombo pamoja pale jikoni, wewe unasuuza mimi nafuta, na hukuniuliza. Nilikuwa nasubiri uniulize. Ulipopanda basi nikajua hutauliza, kwamba unaningoja mimi. Kwa mdomo siwezi. Nimejaribu mbele ya kioo cha kunyolea na sikuweza hata hapo.

Sikusahau. Ulipoandika kwamba sikumwambia, hukuuliza kama nilisahau, lakini swali hilo nimelisoma. Sikusahau.

Jumanne ile nilisoma barua yako nimesimama kando ya kioo kipya. Nikaenda moja kwa moja kwa Meneja, nikafika mlangoni. Alikuwa anapanga viti. Nikafikiri: nikisema wodi nzima ichemshe, muuguzi atamwambia daktari, daktari atapiga simu kwa bodi, na bodi inakuja Ijumaa. Siku tatu tu. Nikajiambia siku tatu haziui mtu aliyekunywa wiki mbili. Nikarudi zangu.

Na Alhamisi, hili hulijui. Alhamisi makaa yalikuwa yameanza kuteleza tena. Yalikuwa yanajirudi, mdogo wangu, kama ulivyosema. Meneja akapita, akagusa kioo kwa kidole, akaniambia, "Bwana Chujio, kesho nataka wageni wajione humu." Nikafungua ile valvu. Dawa maradufu. Niliwaambia vijana waende kula ili wasinione, kwa hiyo nilikuwa najua ninachofanya. Kufuli niliyokuandikia niliitia Ijumaa jioni, wageni walipokwisha kuondoka. Nilikuandikia maneno ya kweli yaliyopangwa vibaya.

Jumamosi nilikwenda wodini ili nimwambie Mama. Akanimiminia glasi. Alikuwa na furaha ya kuwa na kitu cha kumkaribishia mtu, pale hospitalini ambapo hana hata kikombe chake. Nilikunywa. Nilikunywa yote, nikaona nikimwambia sasa atajua kuanzia Jumanne nimemwangalia tu. Nikaaga.

Bodi imeunda tume. Najua wamekuomba wewe ripoti, kwa kuwa vipimo vyote viko kwako. Fundi cherehani amefariki juzi, kama hujasikia. Nakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba kitu tangu utoke mgongoni mwa Mama. Andika kuhusu valvu. Andika hatukujua, maana mwanzoni kweli hatukujua, si mimi wala wewe. Usiandike barua yako ya tarehe moja. Usiandike Alhamisi. Nimekwisha kuichoma barua yako, nakala hakuna, na vijana walikuwa wanakula. Ni mimi na wewe tu. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Watoto wangu wanapita sokoni na watu wanawaita watoto wa Bwana Chujio kwa heshima. Nisitiri, mdogo wangu. Mama angenisitiri.

Kaka yako


Maabara, 12 Mei

Kaka,

Shikamoo. Naandika salamu kwa sababu bado wewe ni mkubwa wangu na sijui kukuandikia bila salamu.

Kweli sikukuuliza. Nilikuwa naogopa jibu, na nilikuwa naogopa kwamba ukijibu utaniuliza na mimi. Basi nikujibu hilo kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia Mama aache kuchemsha. Wewe ulimbebea maneno tu. Niliyaandika kwa majivuno, kwenye meza iliyojaa watu wanaonisifu, na vipimo vya kasha moja tu mkononi. Uliniambia kuhusu utelezi nikakujibu kwa mstari mmoja kama mtu anayefukuza nzi. Ningekupa mistari mitano, Mama angekuwa hai. Nimeyasema haya kwa sauti hapa chumbani, wewe hukuweza, mimi nimeweza, na hayajanipunguzia kitu.

Sijui kama Alhamisi ndiyo iliyomuua. Nakuambia kama mtu wa vipimo, si kama ndugu. Wadudu wale walikuwa wamekwisha kuota kwenye bomba la hospitali kabla wageni hawajaja. Ninachojua ni Jumanne. Kuanzia Jumanne sufuria moja ya maji ya moto ingetosha kwa Mama, na nyingine kwa fundi cherehani. Yeye alikuwa ameogopa vizuri tangu mwanzo, kaka. Alikuwa na chupa yake ya kuchemsha. Sisi ndio tuliomwondolea woga, kwa mdomo wa Mama.

Unasema Mama angekusitiri. Ni kweli. Angekufunika kwa kanga yake mwenyewe na asingeuliza neno. Nimelia sana hapo, na kwa siku mbili nilikuwa nimeamua kukusitiri. Niliandika ripoti bila Alhamisi na bila barua yangu. Ilikuwa ripoti nzuri. Ilisema makosa ya ujenzi, ilisema valvu, haikusema mtu.

Kisha nikaletewa barua na yule mkuu aliyekuwa anaandika kila unachosema. Ameambatanisha karatasi zake, anaomba nizihakiki kabla mji wake haujaanza kujenga. Ukurasa wa tatu ameandika hivi, kwa maneno yako: "Machujio yaoshwe kila siku, na mara moja kwa wiki kwa dawa maradufu, mpaka makaa yang'ae." Ameipigia mstari. Miji mingine minne ina karatasi kama hiyo. Kila mmoja una hospitali mwisho wa bomba, na una mtu mwaminifu kama wewe anayechukia uchafu. Nikiandika valvu peke yake, watabadilisha valvu. Hawatajua kwamba mtu aliyekwisha kuambiwa bado alifungua, na kwa nini alifungua. Hilo la kioo na wageni ndilo litakaloua huko, na hakuna chombo changu kinachoweza kulipima.

Kwa hiyo nimeandika yote. Jina langu lipo juu, na maneno niliyomwambia Mama yapo neno kwa neno. Jina lako lipo chini yake. Jumanne ipo, Alhamisi ipo, kidole cha Meneja kwenye kioo kipo. Nimeomba waizime ozoni mpaka makaa yapone. Maji yatarudi rangi ya chai, watu watakutukana, nawe utawaambia wachemshe.

Utasema ningekuuliza kwanza. Ndivyo ndugu hufanya. Lakini ripoti niliituma juzi, siku mbili kabla ya barua hii, ili ukifika mstari huu wawe wamekwisha kuisoma. Nilianza na ile kwa sababu najijua, kaka. Ningeanza na yako, ile nisingeituma.

Mdogo wako